Mwaka Niliofunga Mkanda

Kwa Bi Mwanamvua,
Tangini, Kibaha.
29 Novemba, 1981

Dada yangu mpendwa Laurentia,

Shikamoo dada. Najua umenuna, lakini hata aliyenuna haachi shikamoo ya mdogo wake ikae bila jibu, kwa hiyo itikia kwanza halafu uendelee kusoma. U hali gani huko Kisarawe? Shemeji mguu umepata nafuu, au bado anapanda minazi ya watu kama kijana wa jando? Eugenia, bi harusi wetu, hajambo? Wadogo zake nao? Mimi huku ni mzima kabisa, na safari hii nikisema mzima nina maana yangu, utaiona mbele. Mvua za vuli zimetuonea huruma, mihogo imestawi hadi pembeni mwa barabara. Sukari ndiyo hatukumbuki tena rangi yake, na sabuni tunaikata vipande kama mwizi anayegawa mali. Bi Mwanamvua, mwenye nyumba wangu, anakusalimu sana. Na Kidawa, mwenyekiti wetu wa mradi wa kuku wa akina mama, naye anakusalimu ingawa hajawahi kukutia machoni.

Barua yako nimeipata. Lo! Dada, kalamu yako umeichovya kwenye pilipili. Umeandika kwamba habari zimefika mpaka huko kuwa nimesilimu, nimefunga Ramadhani na nimebadili jina, na kwamba ndiyo sababu nimekataa kula sahani moja na Eugenia siku tutakayomuaga. Umeandika pia kwamba mama mdogo anayeikataa sahani ya bi harusi amemkana mtoto, na nisipokuja nisikuite dada tena. Haya, nakujibu. Sijasilimu. Kufunga, nimefunga. Jina langu bado ni Yosefina, na leo Jumapili ya kwanza ya Majilio nimetoka misa ya asubuhi, muulize yeyote. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, maana sahani niliikataa kweli, na sababu yake haina uhusiano na dini. Kaa kitako dada, mwambie mtu akuangalizie chungu. Habari hii ni ndefu, ina aibu zake, na mwisho wake ni mzuri.

Desturi ya kwetu unaijua kuliko mimi. Mama mdogo anakaa mkekani na bi harusi, sahani moja, wali na kuku, wanalishana mbele ya ukoo na wakwe, na akina mama wamezunguka wanahesabu matonge kama wanahesabu kura. Uliponipa heshima hiyo mwezi wa tano nilikujibu kwa mistari miwili kwamba kazi imenibana. Uongo mtupu. Kuku hawambani mtu kiasi hicho. Nililiogopa lile tonge. Niliogopa kwamba nikianza kula mbele ya watu wote wale sitaweza kuacha.

Unajua kwamba tangu marehemu Damiani aniache mwili wangu umeongezeka. Wewe ulifurahi, ukasema afadhali mjane mwenye nyama kuliko mjane mwenye mifupa, maana wa mifupa wanasema amerogwa. Usichokijua ni jinsi zile nyama zilivyokuja. Huzuni ikinikamata nilikuwa nakula, na upweke ukinikamata nakula. Lakini wakati ule nilikuwa bado nakula kama mtu, nikishiba naacha, nikilala naamka. Balaa lenyewe lilianza Februari mwaka huu, siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Chama.

Vijana wa hapa walicheza mchezo wa kuigiza. Mmoja anaitwa Hemedi, kijana mcheshi asiye na adabu, alijifunga mito tumboni akawa ndiye Kupe, mnyonyaji wa jasho la wakulima, anatembea kwa kuyumba huku na huku kama bata. Watu wakacheka mbavu zikawauma. Basi mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti kwamba mbona huyo ni Yosefina wa kuku! Dada, uwanja mzima uligeuka kunitazama. Nilicheka nao, unanijua nilivyo, nilicheka kuliko wote. Halafu msemaji akasimama kutukumbusha kwamba nchi imetoka vitani na kila mmoja anapaswa kufunga mkanda, na mimi pale kwenye benchi nikahisi ananiambia mimi peke yangu. Nikarudi nyumbani nikaapa kwamba mkanda nitaufunga mpaka utoboke matundu mapya.

Nikaanza. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji, jioni kipande cha muhogo kisichofika kiganja. Siku za mwanzo nilijiona malkia. Nilikuwa nawatazama wenzangu wakila nasema moyoni, masikini, hawa hawawezi kujitawala. Kisha Kidawa akanifokea mbele ya wenzangu kwa sababu niliacha vyombo vya maji vya vifaranga vikiwa vikavu. Maneno ya kawaida tu, ya kazini, yule mwanamke anafoka hata akiwa na furaha. Siku nyingine ningemjibu tukacheka. Siku ile yaliniingia mpaka mifupani.

Nilipofika chumbani nilifunga mlango nikala. Sijui nikueleze vipi, dada. Nilikula nimesimama, sikunawa, sikuketi. Muhogo uliolala, ugali baridi wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, dagaa wakavu bila kuwaosha, hadi nusu nazi niliyoiweka kwa ajili ya kuungia mboga niliitafuna hivyo hivyo. Utamu sikuusikia, na njaa ilikwisha mapema nikaendelea. Mkono ulikuwa unakwenda na kurudi, na mimi nautazama kama mkono wa mtu mwingine. Niliacha pale tumbo lilipouma hata nikashindwa kuinama kufungua viatu. Hapo ndipo aibu ikaja, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko chakula. Watu wanapanga foleni ya unga tangu alfajiri, na mimi mtu mzima nakula peke yangu nimejifungia kama fisi!

Kesho yake nikajiadhibu. Sikutia kitu mdomoni kutwa nzima, na kesho kutwa yake pia. Basi ikawa ndiyo ngoma yenyewe: najinyima, ninajivuna, linatokea jambo la kuniudhi au la kunihuzunisha, nala mpaka naumwa, nalia, najinyima zaidi. Kadiri nilivyoukaza mkanda ndivyo ulivyokatika kwa kishindo. Kwaresima ilipokuja nilishukuru Mungu, nikasema sasa nina sababu takatifu. Katekista Melkiori alinisifu mbele ya jumuiya kwa jinsi nilivyofunga. Wiki hiyohiyo nikamaliza sufuria ya maharage niliyopika kwa ajili ya wageni. Nikaenda kuungama ulafi wangu, na padre, Mungu ambariki, akanipa kitubio cha kufunga siku mbili. Weee! Nilitoka kanisani sijui nicheke au nilie. Ni kama mlevi amekwenda kuomba msaada akapewa chupa.

Sasa tufike kwenye Ramadhani yako. Kwa Bi Mwanamvua wote wanafunga, na mimi nikaona hapa ndipo pa kujificha. Mchana hakuna atakayenikaribisha chakula, hakuna atakayeuliza mbona sili, na jioni nitaonja kidogo tu nilale. Akili ya mtu mwenye njaa hiyo, dada! Daku sikuamka, nikidhani nitakonda upesi. Kilichotokea ni kwamba adhana ikilia mimi ndiye wa kwanza kunyoosha mkono na wa mwisho kuurudisha. Uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, magimbi. Nilikula na familia, kisha nikaingia na masalia chumbani kwangu nikala tena.

Na majirani wakafurahi! Hiyo ndiyo adhabu niliyoipata. Walipoona Yosefina amefunga wakaanza kuniletea futari yangu ya peke yangu, sahani imefunikwa kawa, na dua juu yake. Mwinyijuma, yule mzee anayeadhini, alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kama nimekwisha kuchagua jina, na akina mama tayari walikuwa wamenichagulia. Sikuwajibu ndiyo wala hapana, nilikuwa natabasamu tu kama mjinga. Halafu jioni moja Melkiori akaja na baiskeli yake, akanikuta mkekani nimezungukwa na wanawake wa Kiislamu, mdomo umejaa tambi. Akaniuliza kama nimeliacha kanisa. Dada, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, kwamba nafunga ili nikonde, na wala sikondi. Lakini wakati ule niliona afadhali aseme nimebadili dini kuliko ajue kinachonipata. Nikaendelea kutafuna. Yule baba akapanda baiskeli yake kwa huzuni, na nadhani umbea haukungoja hata misa ya Jumapili kuvuka mpaka kuja kwenu.

Kilichoniokoa ni kuku, na usicheke. Mwezi wa tisa chakula cha kuku kilikosekana. Lori halikuja, pumba zikawa za kutafuta kwa tochi. Tukakaa kikao tukakubaliana kuku wakubwa wale siku moja na siku ya pili wakae hivi hivi, ili akiba ifike mwisho wa mwezi. Mimi nilinyoosha mkono wa kwanza kukubali, nani anajua kujinyima kuliko mimi? Ni mimi na Kidawa tuliokuwa tunalisha banda lile. Siku ya njaa walikuwa wanadonoana hadi damu. Mwewe akipita juu, kelele na vurugu, wanakanyagana ukutani, wengine wanakufa kwa hofu tu. Na siku ya chakula, Mungu wangu! Tulikuwa hatujafika kwenye vihori wanaturukia, wanapanda juu ya wenzao, wanameza bila kupumua mpaka gole, ule mfuko wa chakula, linavimba shingoni kama ngumi. Wengine walikabwa na pumba wakafa mdomo uko ndani ya chakula. Kuku walewale, dada, ambao mwezi uliopita walikuwa wanakula kistaarabu.

Kidawa alisema hatuna kuku walafi hapa, sisi wenyewe ndio tuliowaharibu. Tukageuza. Chakula kilekile kidogo tukakigawa kila siku, asubuhi na mchana na jioni, saa zilezile, tukachanganya na majani ya muhogo na dagaa waliopondwa. Wiki ya kwanza waliendelea na wazimu wao, hawakutuamini. Halafu wakaanza kutulia. Mwewe akapita, wakainama kidogo, akaenda zake, wakaendelea na mambo yao. Na mchana mmoja nikamwona tetea mmoja mwekundu ameacha pumba kihorini, zimebaki, zipo, akajiendea zake pembeni kuoga vumbi. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Kidawa akaniuliza nani amekufa. Nililia kwa sababu nilikumbuka siku ile niliyofokewa, na maneno ya Kidawa yaliyonishinda nguvu, nikaona kwamba maneno hayakuwa makali kiasi hicho. Mimi ndiye niliyekuwa na njaa. Mtu aliyefunga mkanda hadi pumzi inakwama, jambo dogo likimgusa anapasuka.

Basi nikajilisha kama nilivyowalisha wale. Uji asubuhi, hata kama jana nilikula vibaya. Mchana ugali na mboga pamoja na wenzangu bandani, nimekaa chini, nimenawa. Jioni nakula na Bi Mwanamvua, mlango wazi. Kilichonitia hofu zaidi ni ule uji wa asubuhi, kwa sababu moyo ulikuwa unaniambia nimekwisha, nitakuwa pipa. Mwezi wa kumi, siku ya kumbukumbu ya marehemu Damiani, niliteleza. Nilijifungia nikala kama zamani, sikufichi. Lakini asubuhi yake niliamka, macho yamevimba, nikakoroga uji nikanywa kikombe kizima. Sikujiadhibu. Nilikaa nasubiri balaa lirudi siku ya pili na ya tatu, kama lilivyozoea. Halikurudi. Dada, hakuna aliyenipigia vigelegele siku ile kwa sababu hakuna aliyejua, lakini nilitembea kwenda bandani kifua mbele kama mtu aliyepewa nishani.

Hapo nikamwambia Bi Mwanamvua kila kitu. Nilidhani atanifukuza kwa kuchezea funga yao. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba alijua kitambo, maana sufuria za nyumba yake anazifahamu uzito wake, ila alingoja niseme mwenyewe kwa kuwa aibu ya mtu haivuliwi kwa nguvu kama nguo. Kuhusu Ramadhani akasema Mungu ni mwingi wa rehema, lakini mwakani ama nifunge kwa ajili Yake ama nile mchana kweupe na nisimsumbue mzee Mwinyijuma. Tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kwa Melkiori nilikwenda mwenyewe nikamweleza ya kutosha, na mzee Mwinyijuma nimemwomba radhi. Amesema dua alizoniombea hazirudishwi, nikae nazo.

Sasa, dada, kuna jambo nimelishikilia tangu mwanzo wa barua hii, nami nakuungamia.

Barua yako niliipata Jumatano mchana. Niliisoma nimesimama jikoni. Nilipofika pale uliposema nisikuite dada tena, niliurudia mstari ule mara mbili. Toka mama afariki sina mwingine, na wewe unajua, ndiyo maana uliandika hivyo. Nililia kwa sauti. Na ile hamu ya zamani ya kula ikaja, naijua inavyokuja, inaanzia mikononi. Mbele yangu kulikuwa na sufuria kubwa ya mihogo ya nazi, moto bado, tuliyopika kwa ajili ya akina mama wa mradi waliokuwa wanakuja kwenye kikao. Nyumba haina mtu. Mlango una komeo. Februari, Machi, Julai, ile sufuria ningeimaliza kabla ya kumaliza kulia, na ningekuchukia wewe juu yake.

Lakini mchana ule nilikuwa nimekula. Tumbo langu halikuwa linadai deni la jana wala juzi. Nilihuzunika, dada, nilihuzunika sana, na huzuni ikabaki kuwa huzuni. Nilifunua sufuria nikaitazama. Nikachukua sahani, nikapakua, nikatoka nayo barazani penye watu wanaopita, nikaketi nikala huku machozi yanadondoka kwenye mihogo. Ilikuwa mitamu. Nilipoona inatosha nikaweka sahani chini, na sufuria ikawakuta wageni wake imejaa. Nilisimama pale barazani nikapiga kigelegele peke yangu, mwenyewe. Watu waliokuwa wanapita walidhani nimepata mtoto. Adui aliyenipiga mwaka mzima alikuja na silaha kubwa kuliko zote, maneno yaliyoandikwa kwa mkono wako mwenyewe, na nikamshinda.

La mwisho, usije ukashtuka utakaponiona. Sijakonda. Umekaa ukisoma ukidhani mwisho wa hadithi atakuja Yosefina mwembamba kama mwanzi. Hapana. Mwambie fundi wako asikate gauni langu kwa kipimo cha zamani, aongeze kidogo kiunoni, na kitambaa kisipotosha atie kipande cha rangi nyingine, nitavaa hivyo hivyo. Niliutafuta mwili mdogo nikapata kazi ya utumwa. Nilipoacha kuutafuta nikajipata mimi. Hemedi na mito yake waendelee kucheza, tumbo hili ni langu, nalilisha kwa jasho langu, halimnyonyi mtu.

Nakuja. Mwambie Eugenia kwamba mama yake mdogo anakuja kabla ya Noeli na atakaa mpaka harusi ipite. Tandikeni mkeka katikati ya uwanja, msituweke pembeni. Pakueni sahani ijae, wali na kuku, na wakwe wakae karibu watazame wanavyotaka. Nitamlisha mwanangu, naye atanilisha, na nikishiba nitanawa.

Nisalimie shemeji, watoto wote, na majirani waliokuletea umbea, waambie wameupika vizuri ila wamesahau chumvi. Bi Mwanamvua anasema ukimruhusu atakuja nami harusini. Mimi nimeshamruhusu. Mungu akulinde dada, akulindie na mwanetu mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako,
mama mdogo wa bi harusi,

Yosefina